Mashati Saba Kando ya Mto

Saa kumi kamili, jua liwake, mawingu yafunge, mimi na Baba tulikuwa tunatembea kando ya mto. Usiniulize kama nilipenda. Kwa miaka minne hakuna aliyeniuliza, nami nikazoea.

Baba alipata kiharusi kidogo, kilichompinda mdomo wiki mbili na kumwachia mguu wa kushoto unaoburuza. Daktari akasema atembee kila siku, polepole, mahali tambarare penye hewa. Kaka Mkubwa, anayeishi mji wa mbali na kufanya kazi ofisi ya bima, akafungua kundi kwenye simu akaliita Afya ya Baba. Humo tulikuwa watoto watatu: yeye, dada yetu tunayemwita Dada Benki kwa sababu ya kazi yake, na mimi kitinda mimba, fundi cherehani, sina mume, sina mtoto, kwa hiyo kwa akili za familia yetu sina shughuli. Kaka akatoa amri: kila siku kabla ya saa kumi na mbili jioni itumwe picha ya Baba akiwa amekaa kando ya mto. Ushahidi, alisema. Watu wa bima hawaamini maneno matupu.

Basi nikawa natuma. Baba kakaa kwenye kiti, fimbo katikati ya magoti, mto nyuma yake. Dada Benki anajibu kwa mioyo mitatu myekundu. Kaka anaandika, "Mungu akuzidishie, mdogo wangu." Wakishamaliza hapo, kimya mpaka kesho yake.

Miaka miwili nyuma nilitaka kwenda kusomea ukataji wa nguo, miezi mitatu tu. Kaka akaitisha kikao cha simu. Akalia! Mwanamume wa miaka hamsini na mbili analia kwenye simu, "Nani atamwangalia Baba?" Dada naye akadakia kilio. Nikaona nikishikilia nitaonekana mimi ndiye niliyemletea mzee ugonjwa, nikasema basi jamani, siendi. Walinisifu wiki nzima. Sifa zao zilinikaba, na nilizimeza.

Safari hii sikuwaambia kitu. Kulikuwa na mama mmoja mwenye karakana ya sare za wauguzi, mwendo wa saa sita kwa basi. Aliona gauni nililomshonea mteja wangu, akaipekua shingo ya gauni hilo nje na ndani, akaomba namba yangu. Alikuwa anatafuta mkataji mkuu. "Njoo siku tano, Jumatatu mpaka Ijumaa," aliniambia, "niuone mkono wako. Ukiniridhisha, kazi ni yako, na juu ya karakana kuna chumba." Nina miaka arobaini na mmoja. Chumba ninachoshonea nyumbani kina dirisha moja, nalo linatazama ukuta wa jirani. Naujua ule ukuta ufa kwa ufa. Nilijua nafasi hii ikinipita, nitazeeka nikiutazama.

Jirani yetu Mama Matroni, muuguzi mstaafu, alikubali kulala kwetu siku hizo na kumwangalia Baba. Kumtembeza hakuweza, magoti yake mwenyewe yanamsumbua. Kwa hiyo kilichobaki ni picha. Ijumaa nilikuwa napiga pasi mashati ya Baba, nayaning'iniza mlangoni moja baada ya jingine, yote nimeyashona mimi. Nikayahesabu: saba. Wazo likanijia pale pale, nikaliogopa, halafu nikalipenda.

"Baba," nilimwambia wakati wa chakula, "nimepata oda kubwa. Wiki nzima nitashonea huko huko kwa mteja, Mama Matroni atalala hapa. Naomba kesho tupige picha zote kwa mpigo. Ubadilishe mashati."

Baba akaacha kutafuna. Huyu mzee alikuwa nyapara wa bustani za kando ya mto kwa miaka ishirini na tisa. Hadi leo wazee wa pale wanamwita Nyapara, si jina lake.

"Unataka tughushi rejista," akasema.

"Ni picha tu, Baba."

"Ni rejista. Nimewafukuza kazi watu wawili kwa kosa hilo. Walimwagilia maua Jumatatu, wakatia saini mpaka Jumamosi. Nikachomeka kidole kwenye udongo, mkavu!" Akanitazama kwa muda mrefu, jicho moja likiwa dogo kuliko jingine kama kiharusi kilivyoliacha. Kisha akarudi kwenye sahani yake. "Tukiifanya, tuifanye vizuri. Sitaki kazi ya ovyo ovyo."

Jumamosi tukatoka saa nane, mapema, maana kazi yenyewe ilikuwa kubwa. Yeye kavaa shati jeupe, la siku hiyo, koti kalitupia begani. Mimi nina mfuko wenye mashati sita, la Jumapili mpaka la Ijumaa. Basi langu lilikuwa Jumapili asubuhi na tiketi ilikuwa ndani ya sidiria, kwa sababu nyumbani kwetu hakuna droo ambayo Baba haifungui akitafuta miwani.

Njia ya kando ya mto inaanzia kwenye nyumba ya pampu na kuishia kwenye bustani ya waridi. Mtu mwenye miguu yake anaimaliza kwa dakika ishirini. Mimi na Baba saa moja na nusu. Mguu unaburuza, ndiyo, lakini mguu si kitu. Shida ni salamu. Hakuna mtu anayepita bila kuulizwa habari za nyumbani, na kila mti una historia yake. Huu ulipandwa mwaka wa mafuriko makubwa. Huu ulitaka kufa, akauwekea samadi kwa mkono wake. Nilishasikia historia ya kila mti mara elfu moja na ushee. Nikiwa nimeshikwa mkono wa kulia na Baba, na wa kushoto nina mfuko, nilikuwa nawaona wasichana wanakimbia na viatu vyao vya mazoezi, wananipita, wanazunguka, wananipita tena. Nilitamani kuwatia ngwala. Roho mbaya, najua.

"Kiti cha kwanza, leo," akasema Baba. Akakaa, akaweka fimbo, nikapiga.

"Sasa la Jumapili. Twende tukabadilishe."

Tukaenda kwenye choo cha umma. Baba akaingia na shati jeupe, akatoka na la bluu. Mlinzi wa choo, mzee mwenzake, akanyanyua macho kidogo tu. Tukapiga picha kiti cha pili. Nilifikiri tutaendelea mbele, lakini Baba akasema subiri, akainama kutazama chini ya kiti. Kulikuwa na mbwa wa kahawia kajilaza zake.

"Picha hii haifai. Piga nyingine."

"Kwa nini?"

"Mbwa huyu anaonekana. Nikirudi hapa na shati la Jumanne naye bado kalala hapa, kaka yako atauliza mbwa gani asiye na kwao." Akamgusa kwa fimbo. "Toka, bwana, unaniharibia kazi."

Mbwa akatoka kwa uvivu, nikapiga upya. Jamani, huyo mzee! Alikataa kiti kinachotazamana na saa ya mnara, kwa sababu mishale ingeonekana. Alikataa kupiga picha mbili upande mmoja wa jua, kwa sababu ya vivuli. Alinizuia kupiga mpaka mama mwenye mwavuli wa njano apite, "Huyo mwavuli wake unakumbukwa." Ndevu zake hunyolewa kila Jumatano, na nilikuwa nimesahau kabisa, yeye hakusahau, akasema Jumatano atashusha kofia usoni. Nilikuwa nafanya udanganyifu na mtu aliyeishi kwa kukamata wadanganyifu. Ningekuwa na moyo mwepesi ningecheka. Lakini kila simu ikilia nahisi ni Kaka.

Mara ya nne kwenda chooni, mlinzi akashindwa kuvumilia. "Nyapara, leo tumbo limechafuka? Au unaoa?"

"Naoa," Baba akamjibu. "Bibi arusi anachagua shati."

Kwenye mteremko kuna mwanamke anayeuza njugu. Alimpa Baba kiganja kimoja cha kuonja, kisha akanigeukia. "Mtoto ndiye huyu! Wangu mimi hata kunipigia simu ni mpaka niugue. Mwanangu, radhi za mzee umezipata, endelea hivyo hivyo, usimwache mpaka mwisho."

"Amina," nikasema, na tiketi inanikwaruza kifuani.

Hapo ndipo nilipochoka. Sikuchoka miguu. Nilimtazama Baba anavyotafuna njugu moja moja, upande mzuri wa mdomo, bila haraka yoyote duniani, nikaona miaka mingine kumi ya saa kumi jioni. Nampenda baba yangu. Lakini siku ile, pale kwenye mteremko, nilimchukia pia, nikajichukia na mimi, na nikaogopa kwamba yote mawili yanaonekana usoni. Nikainama kumfunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

"Baba," nikasema nikiwa chini bado, "mvua ikinyesha je? Katikati ya wiki?"

Akatazama mbingu, nyeupe, hazina wingu. Akatazama mto. Maji yalikuwa machache, mawe yanaonekana katikati, ndege wamesimama juu yake.

"Ikinyesha, ulinipiga picha kabla ya mvua."

"Na mto ukijaa?"

Nilimwuliza kwa kupoteza muda tu. Lakini Baba alisimama wima, akaupiga ukuta wa kingo kwa fimbo yake, ko, ko. "Ukuta huu niliusimamia mimi, jiwe kwa jiwe, baada ya yale mafuriko. Wahandisi walitaka kimo cha kiunoni, nikawaambia ongezeni. Maji hayajawahi kuvuka hapa. Hayatavuka." Akaupiga tena. Mtu aliyekumbuka mpaka ndevu zake, mto hakuuingiza kwenye hesabu, kwa sababu aliuzuia yeye.

Tulifika bustani ya waridi saa kumi na moja. Shati la Ijumaa lilikuwa la mistari, kiti kilikuwa cha mwisho. Nikapiga, nikakagua, nikashusha pumzi. "Tumemaliza, Baba."

"Bado."

Akatia mkono ndani ya koti lake, upande wa ndani, akatoa mashati matatu yaliyokunjwa vizuri. Ya zamani, ya kazini, yenye mifuko miwili. Sikujua kama bado anayo.

"Haya ya nini?"

"Ya Jumamosi, Jumapili na Jumatatu. Mkataji hapimwi kwa siku tano. Siku ya tano atakwambia subiri kidogo, nikuone na kitambaa kingine."

Nikakaa pale kwenye kiti, karibu niukalie mfuko.

"Nani kakwambia?"

"Umenoa ule mkasi mkubwa, na mashati yako yanaishia Ijumaa. Ule hujaunoa tangu kaka yako alipokulilia." Akaanza kufungua vifungo vya shati la mistari pale pale hadharani, hakwenda tena chooni. "Mimi ni mgonjwa wa mguu, Kitinda. Macho ni mazima. Piga picha, jua linaondoka."

Nikapiga tatu. Zote zimetikisika kidogo.

Jumapili nikapanda basi. Jumatatu nikaingia karakana. Mama mwenye karakana ni mtu wa maneno machache. Kazi ya ukataji wa sare ni hii: unatandaza kitambaa meza nzima, tabaka juu ya tabaka mpaka arobaini, unachora kwa chaki juu, halafu unapitisha mashine ya kukatia mara moja. Ukikosea sentimita moja, umekosea mashati arobaini. Simu zinawekwa kwenye kikapu mlangoni, unazipata saa ya chai na saa ya kutoka. Saa ya chai ya jioni ni saa kumi. Natuma picha, napata mioyo mitatu, napata "Mungu akuzidishie," nakunywa chai nimesimama dirishani. Nje kuna mfereji wa maji machafu, na ng'ambo yake maghala. Niliona pazuri sana. Saa kumi ilikuwa yangu, sikuwa nimeshikwa mkono na mtu.

Jumatano nikatuma Baba kashusha kofia, kwenye kiti cha tano, jua nyuma yake, nikarudi mezani. Nilipotoka saa kumi na mbili nikakuta nimepigiwa simu mara ishirini na tatu.

Kwetu haikunyesha hata tone. Ilinyesha huko juu, kwenye vilima, usiku kucha na mchana kutwa, na mto ukaja wote kwa pamoja. Kaka alikuwa ameweka kwenye kundi video iliyotembea kwenye simu za watu: maji ya rangi ya matope yamevuka ukuta, yanapita katikati ya miti, na kiti cha tano kinaonekana mgongo tu. Chini yake aliandika, "Nimeona Baba kapumzika. Nauliza tu, hicho ni kiti cha watu au cha samaki?"

Nilikaa kwenye ngazi za karakana, nikaanza kuandika msamaha, nikafuta, nikaandika tena. Nilikuwa nimeshajiona ndani ya basi, nimeshajiona mbele ya ule ukuta wa jirani. Ndipo ikaingia kwenye kundi sauti kutoka simu ya Mama Matroni, ambaye Kaka alikuwa amemwingiza jioni ile ili amwulize. Alikuwa Baba, na alikuwa anaongea kwa ile sauti ya kazini ambayo sikuisikia miaka mingi.

"Hapa ni Nyapara. Nyumbani ni juu, maji hayafiki, mimi ni mzima. Picha zote nimezipanga mimi. Kosa la mto ni langu. Huyu mtoto nimemruhusu mimi, yuko kazini, asipigiwe simu."

Kisha Kaka akaandika, "Lakini Baba, na sisi tuna kazi."

Sauti ya pili ya Baba ilikuwa fupi zaidi. "Na yeye."

Niliisikiliza ile pale kwenye ngazi mara sijui ngapi. Nililia mpaka mlinzi wa geti akaniletea maji.

Alhamisi Kaka akaja na gari akamchukua Baba, akampeleka kwake, ghorofa ya nne. Hakuuliza mtu. Nilimpata Baba kwenye simu ya Kaka, nikamwambia narudi leo leo. "Ukirudi kabla ya Ijumaa nakufuta kwenye rejista," akasema. "Kata nguo." Nikakata. Ijumaa mwenye karakana akanitazama, akasema subiri kidogo, nikuone na kitambaa kingine. Jumatatu akanipa funguo za chumba.

Nilifurahi. Niseme ukweli: nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Kule kwenye kundi, sasa Kaka ndiye aliyekuwa anatuma. Nafikiri alitaka kunionyesha jinsi kazi inavyofanywa na watu waaminifu. Baba kakaa kwenye kiti cha plastiki, maegesho ya magari chini ya ghorofa, fimbo katikati ya magoti. "Leo tumezunguka mara tatu." "Leo mara nne, mzee ana nguvu!" Picha inaingia saa kumi, nami ndiyo saa yangu ya chai. Naitazama, kikombe mkononi, kazi inanisubiri mezani. Unajua nilijibu nini? Mioyo mitatu. Siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu. Myekundu.

Siku ya sita chai ilikuwa ya moto mno, nikasubiri ipoe, kwa hiyo niliitazama picha zaidi ya kawaida. Shati la kijani, lile la Jumatatu yangu. Nyuma ya Baba kulikuwa na gari jekundu, na juu ya boneti paka mweupe ameinua mguu mmoja anajilamba. Nikatabasamu. Halafu tabasamu likaniganda. Nikarudi picha ya jana, shati la bluu: gari jekundu, paka, mguu juu. Ya juzi, shati la mistari: paka, mguu ule ule. Nikaenda mpaka ya kwanza. Paka gani huyo anajilamba siku sita?

Nilimtukana kaka yangu kwa sauti, pale dirishani, mpaka wasichana wanaoshona vifungo wakageuka. Mtu aliyelia kwenye simu! Mtu wa ushahidi! Kampiga mzee picha zote kwa dakika tano, kampandisha juu, kamfungia.

Kisha nikatulia, nikaona jambo lenyewe. Baba alifukuza mbwa chini ya kiti. Baba alingoja mama mwenye mwavuli wa njano apite. Baba haachi paka kwenye picha sita. Huyo paka aliachwa.

Nikapiga simu.

"Kaka, shikamoo. Baba anatembea?"

"Marahaba. Kila siku! Kwani picha huzioni?"

"Nimeziona zote. Mpe simu."

Nikasikia televisheni, nikasikia mguu unaburuza kwenye sakafu ya vigae, hatua chache, halafu mlango.

"Naam, Kitinda."

"Nimemwona paka, Baba."

"Siku ya ngapi leo?"

"Ya sita."

"Nilifikiri utamwona siku ya pili," akasema. Hakusema kwa ubaya. Alisema tu, kama mtu anayesoma kipimo.

Ningefurahi kama angenigombeza. "Nilikuwa natuma mioyo," nikasema.

"Nilionyeshwa. Ni mizuri." Akakohoa. "Hapa lifti imekufa tangu nije. Siku ile ya picha nilishuka kwa kubebwa na kijana wa getini, na kaka yako akasema tuzimalize zote. Sijashuka tena. Wewe kazi inaendaje?"

"Inaenda."

"Mkono hautetemeki?"

"Hautetemeki."

"Vizuri." Hakuniomba. Baba hajawahi kuniomba kitu maisha yangu yote, na laiti angeniomba, ningeweza kukataa. "Huko kwenu," akasema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari tu, "kuna mto?"

Nilitazama nje. Mfereji ulikuwa umesimama na povu lake, kando yake njia ya vumbi, hakuna kiti, hakuna mti. Saa ya ukutani ilikuwa saa kumi na dakika kumi na mbili. Saa yangu, niliyokuwa nayo kwa siku kumi. Nilihisi mkono wake kwenye mkono wangu wa kulia, uzito ule ule, na kila mti niliowahi kuhadithiwa. Nikashikwa na hasira, sijui hasira ya nani.

"Upo, Baba," nikasema. "Kusanya mashati."